Kikopo Namba Nne

Kazi yangu ni kupika, ila wanaokula chakula changu hawana midomo. Nawapikia vijidudu. Unachukua unga wa mwani, unaukoroga na maji, unaupika kwenye mtungi wa mvuke, unasubiri upoe mpaka chupa uweze kuigusisha shavuni bila kuruka, ndipo unatia damu ya kondoo na kumimina kwenye visahani. Uji huo unaganda vizuri, mwekundu, unang'aa. Wanafunzi wa udaktari wanakuja kupaka juu yake uchafu wa makoo na vidonda, na kesho yake wageni wamekwisha kaa mezani na kuzaana. Miaka ishirini na sita, hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba chumvi imezidi. Nyumbani kwangu sikuwahi kupata bahati hiyo.

Chumba changu kimepakana na maabara ya kufundishia. Kati yetu kuna dirisha dogo la kupitishia vyombo: vichafu vinakuja kwangu, visafi vinarudi kwao. Shule niliishia darasa la saba, lakini kwa dirisha lile nimesoma udaktari mwaka wa pili mara ishirini na sita, na sijafeli hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza swali. Najua kwamba jina huandikwa kwenye tako la kisahani, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana kama ndala kwenye mlango wa msiba. Najua kizibo cha chupa hakiwekwi mezani, hushikwa kwa kidole cha mwisho mpaka kazi iishe. Najua kitanzi cha waya cha kuchotea uchafu lazima kichomwe motoni mpaka kiwe chekundu, kabla ya kugusa kitu na baada ya kugusa kitu, la sivyo unabeba cha huyu unampelekea yule. Hilo la mwisho ndilo dhambi yao kubwa kuliko zote. Wanaliita kubeba.

Mwalimu wao ni daktari, mwanamke mwembamba, anavaa saa upande wa ndani wa mkono kama anaificha isiibiwe. Wanafunzi wamempa jina la Sekunde. Rangi nyekundu dakika tano, huku unaipasha moto chini mpaka itoe mvuke lakini isichemke. Asidi dakika tatu. Bluu dakika moja. "Ukizembea sekunde," huwaambia, "umemuua mtu kwenye karatasi." Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hajawahi kukosea, na hilo ni ugonjwa wake peke yake.

Sasa niseme kosa langu mapema, maana mengine yote yalitoka humo.

Kila mwaka kuna mtihani wa kifua kikuu kwa vitendo. Sekunde anakusanya vikopo sita vya makohozi. Vitatu vinatoka wodini, kwa wagonjwa. Vitatu vinatoka kwa wazima: askari wa lango, karani wa idara, na mimi. Vyote sita navipika kwanza kwenye mtungi wa mvuke ili wadudu wafe, mwanafunzi asiambukizwe. Lakini mdudu wa kifua kikuu hata akifa haachi kushika rangi. Ukipaka makohozi kwenye kioo, ukapitisha nyekundu, asidi na bluu, maiti yake inabaki nyekundu, kijiti chembamba katikati ya bluu. Kifo hakimsafishi. Sekunde anavipa vikopo namba, anaandika majibu kwenye daftari lake, na kila mwanafunzi anapewa viwili: apake, atie rangi, aangalie kwenye darubini, aandike chanya au hasi.

Mimi ni mtu wa masihara. Nilianza zamani, sikumbuki hata mwaka gani. Plasta ya kubandikia namba kwenye kikopo changu nilikuwa naikata kwa mkasi wa meno wa mume wangu, ule mkasi wa mafundi cherehani unaoacha ukingo wa meno-meno nguo isifumuke. Nikimpitishia mwanafunzi aliyebabaika, namkonyeza tu. Siri ikarithishwa, darasa hadi darasa: "Penye meno ni bibi, na bibi ni mzima." Kila mwaka kuna mvivu mmoja au wawili walioandika hasi bila hata kuinamia darubini, wakapata maksi zao, wakaja kunishukuru kwa soda. Nilicheka. Nilijiona nami natoa digrii.

Mwaka jana kulikuwa na mwanafunzi mmoja asiyefanana na wenzake. Mwanamume wa miaka thelathini na nne, baba wa watoto wawili, alikuwa muuguzi kabla hajarudi shule. Kichwa chake kizuri, lakini mikono! Akisimamiwa tu inatetemeka, kitanzi kinagonga mdomo wa chupa ti-ti-ti-ti, kioo kinamponyoka. Wenzake, watoto wa juzi, wakamwita Jenereta. "Jenereta limewaka, shikeni vyombo!" Alikuwa amefeli vitendo mara mbili. Mara ya tatu ni kurudi nyumbani, hakuna ya nne. Hilo lilikuwa kwenye barua, na barua alitembea nayo kwenye mfuko wa koti.

Siku moja alikuja dirishani kurudisha vyombo, vikawa vinalia mikononi mwake kama kengele.

"Mume wangu mdogo," nikamwambia, "unacheza ngoma gani?"

Akajaribu kucheka. "Bibi, mikono hii ningeikata niiache nyumbani."

"Ukiikata utashikia nini kile kisu cha kunipasua nikiumwa? Ingia huku."

Nikamfundisha. Mimi! Si kwamba najua sana, lakini nimeolewa na fundi cherehani miaka arobaini na moja, na najua mkono unavyotulizwa. Mkono unaoning'inia hewani lazima utetemeke. Egemeza kiwiko mezani, bana mkono wa chini ubavuni, toa pumzi, kisha fanya. Nikampa sindano na uzi. Tulifanya hivyo kila siku saa kumi jioni, wenzake wakishaondoka, yeye anatunga uzi sindanoni na mimi nasugua visahani. Wiki ya kwanza alijichoma mpaka nikamwambia damu ya kondoo mwaka huu tusinunue. Wiki ya tatu alikuwa anatunga uzi huku namwimbia karibu na sikio. Wiki ya tano nilimsimamia kwa kifua mbele, mikono kiunoni, nikimwigiza Sekunde: "Dakika ngapi? Dakika ngapi?" Uzi ukapita.

"Bibi," akasema, "nikipita mtihani huu, mtoto wa tatu nitampa jina lako."

"Akiwa wa kiume je?"

"Atavumilia."

Siku moja kabla ya mtihani Sekunde akanipa kikopo. "Bibi, kesho asubuhi, kabla hujapiga mswaki. Na usaini hapa kwamba huna kikohozi wewe." Nikasaini. Sikudanganya kwa hilo, maana mimi kifua changu kikavu kama mti wa ufagio. Asubuhi yake nikajaribu. Nikakohoa, nikajigonga mgongo, nikainama mpaka kichwa kikagusa magoti. Mate tu, tena kidogo. Na Sekunde mate hayataki. Mate ukipeleka anakurudisha nyumbani kama mtoto asiyefanya kazi ya shule.

Mume wangu alikuwa amekaa kitandani anakohoa. Kikohozi chake hakikuwa cha jana. Kilikuwa na miezi minne, na kila asubuhi kilimwamsha kabla ya jogoo na kabla yangu. Alisema ni vumbi la vitambaa. Suruali zake alikuwa anazipunguza kiuno mwenyewe kwenye cherehani, kidogo, halafu tena kidogo. Nikimuuliza, anasema kitambaa cha siku hizi kinatanuka.

Nikampa kikopo. "Mzee, nisaidie. Tema humu."

Akakitazama. "Mke wangu, mpaka makohozi yangu unayataka?"

"Nayasomesha. Yanakwenda chuo kikuu leo. Wewe mwenyewe hukufika."

Akacheka, kucheka kukamletea kikohozi, kikohozi kikajaza kikopo. Nikafunga. Nikakata plasta kwa mkasi wa meno.

Mtu aliyeosha vioo vya kifua kikuu miaka ishirini na sita, asijue kikohozi cha miezi minne na suruali iliyopunguzwa mara tatu ni nini? Nilijua kama unavyojua kuna mtu nyuma ya mlango, ila hutaki kufungua. Labda nilitaka mtu mwingine aufungue. Labda nilikuwa nachelewa kazini tu. Siku hizi nasema la kwanza nikiwa na huzuni na la pili nikiwa na hasira.

Sekunde alikipa kikopo changu namba nne. Nikavipika vyote sita, nikavipitisha dirishani.

Namba nne waliipata watu watatu. Wawili walikuwa vijana wenye akili nyingi, mmoja ndiye wa kwanza darasani. Waliona meno ya plasta, wakanitupia jicho. Sikukonyeza, lakini sikukunja uso pia. Wakapaka, wakatia rangi kwa kufuata utaratibu, wakaandika hasi, wakatoka mapema. Wa tatu alikuwa Jenereta.

Nilimtazama kwenye dirisha nikiwa nimeshika kitambaa cha kufutia ambacho hakikufuta kitu. Sekunde alisimama nyuma yake. Kiwiko mezani. Pumzi nje. Akachoma kitanzi, akapaka kikopo cha kwanza, akachoma tena mpaka kikawa chekundu, akahesabu kwa midomo, akapaka cha pili. Mkono ulikuwa kama umechongwa. Nikataka kupiga vigelegele. Akatia rangi, akasuuza, akakausha, akainamia darubini. Kioo cha kwanza, chanya, akaandika haraka. Kioo cha pili akakaa nacho. Akakaa nacho sana. Akainua kichwa akatazama plasta ya kikopo, ile yenye meno. Kisha akanitazama mimi.

Yeye naye siri aliijua. Alijua jibu linalotakiwa ni lipi. Alichohitaji ni kuandika herufi nne, aende nyumbani kwa watoto wake.

Akainama tena. Akahesabu kwa kidole mezani, moja, mbili, tatu. Akaandika.

Sekunde aliposoma alitoa pumzi puani. "Namba nne, chanya?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Namba nne ni ya mtu mzima." Akainama mwenyewe kwenye darubini. "Ni kweli, wapo wekundu humu. Umewabeba kutoka kikopo cha kwanza."

"Mwalimu, nilichoma kitanzi. Ulikuwa umesimama hapa."

"Nilikuwa natazama mikono yako, si kitanzi. Wenzako wawili wana kikopo hikihiki, na wote ni hasi. Sasa niambie: wao wawili wamekosea, na daftari limekosea, wewe peke yako ndiye uko sawa?"

Jenereta akashika ukingo wa meza. Nikaona kidole kimoja kinaanza. Ti-ti-ti.

"Mgonjwa wako," Sekunde akasema, na sauti haikuwa ya ukali, ilikuwa ya kuchoka, "ungempa dawa miezi sita kwa ugonjwa ambao hana. Kamati itakaa Jumatatu. Pole."

Utaratibu wetu ni kwamba mtihani ukiisha, vioo vyote vinapitishwa kwangu kwenye sinia, na mimi navizamisha kwenye ndoo ya dawa. Asubuhi yake haviwi na rangi wala jina, ni vioo tu. Nilikuwa nimeshika kile cha namba nne juu ya ndoo Jenereta alipoingia chumbani kwangu. Nikajiandaa kwa lawama. Nilikuwa nimeshaziandalia na mzaha wake.

Hakulaumu. Alisimama mlangoni, koti mkononi.

"Bibi," akasema. "Nenda ukapime."

"Nini?"

"Nimehesabu sana. Kila nilipogeuza walikuwepo, sikubeba. Si wa kubebwa wale, ni wengi mno. Nenda Jumatatu asubuhi, usingoje. Dawa zipo na watu wanapona, ila usingoje, bibi yangu. Nitakusindikiza mimi, maana kuanzia Jumatatu nitakuwa na nafasi."

Mtu ametoka kupoteza maisha yake, na amekuja kuniokoa mimi. Nikasema, "Mume wangu mdogo, bibi yako haumwi." Akafikiri nakataa ugonjwa, kama wanavyokataa wote. Akanishika bega, akaondoka.

Nilisimama na kile kioo juu ya ndoo mpaka mkono ukachoka. Nikikiachia, imekwisha: vioo vya wale vijana vimeshazama, makohozi ya kikopo nimeshayateketeza; kioo hiki ndicho shahidi pekee. Nikisema, basi mume wangu ana jina la ugonjwa, na wateja hawavai nguo iliyoshonwa na mgonjwa wa kifua. Nami nitaulizwa niliposaini nilisaini nini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema anayemfichia mwenzake kinamuumbua nani.

Nilimwaga njiti za kiberiti changu kikubwa cha jikoni, nikakiweka kioo humo, nikatia mfukoni.

Jumamosi sikusema. Nilipanga kusema, nikafua. Jumapili mchana mume wangu alikuwa anashona sare za shule, kitambaa cha bluu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi alilolisingizia. Nikasikia cherehani imenyamaza. Nikaingia nikamkuta ameshika kola ya shati kwa kiganja, kiganja hakitaki kuondoka. Alipoona nimesimama, akaigeuza kola upande wa ndani, taratibu, kama fundi anayeficha mshono mbaya. Lakini kitambaa kile kilikuwa chepesi, na doa la damu lilitokeza upande wa pili.

Nikakaa kwenye kigoda chake cha wateja.

"Mzee. Yale makohozi yako yalifanya mtihani."

Hakunitazama. "Yakafaulu?"

"Sana. Yamekuwa ya kwanza."

Akazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, sindano ikapanda ikashuka bila nguo.

"Nilijua tangu suruali ya pili," akasema.

"Na mimi nilijua tangu ya tatu."

"Basi nimekushinda kwa suruali moja." Kisha, "Sasa kama yangu yamefaulu, aliyefeli ni nani?"

"Mtu aliyesema kweli."

Nikamweleza yote, mkasi wa meno, plasta, vijana wawili, Jenereta na watoto wake. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayeeleza gauni, kichwa upande, bila kumkatiza. Nilipomaliza akauchukua ule mkasi ukutani, akaufunga kwa uzi mwekundu mara nyingi, akakaza fundo.

"Nenda kaseme," akasema. "Sare za watu nitapeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Hii yenye doa niachie."

Jumatatu saa nne kamati ilikaa: mkuu wa idara, Sekunde, na karani wa kuandika. Jenereta alikuwa kwenye benchi la nje, amevaa tai. Nilipita mbele yake nikafungua mlango bila kubisha.

Mkuu wa idara hakuinua hata macho. "Mama, chai baadaye."

"Sijaleta chai," nikasema. "Nimeleta makohozi."

Nikaweka kiberiti mezani. Nikaeleza. Nilikuwa nimejipangia kueleza kwa kifupi, lakini maneno yalitoka na plasta na suruali na kila kitu. Karani aliacha kuandika. Sekunde alifungua kiberiti, akakiinua kioo kwenye mwanga wa dirisha, akakizungusha, akaona namba nne iliyoandikwa kwa penseli kwa mkono wa Jenereta.

"Bibi," akasema polepole, "hicho kikopo chako. Miaka yote hii sijawahi kukiangalia."

"Najua."

"Nilikuwa naandika hasi moja kwa moja."

"Najua, mwanangu. Na wao pia."

Waliitwa wale vijana wawili. Wakaulizwa swali moja tu: mliona nini kwenye namba nne? Wa kwanza darasani akasema hasi, akaulizwa tena, akasema hasi, akaulizwa aeleze aliona nini, akaanza kulia. Wote wawili wanarudia mwaka. Hawanisalimii, na nina haki gani ya kusalimiwa?

Lakini mkuu wa idara alikuwa mtu wa utaratibu. Kioo kilichokaa kwenye kiberiti siku tatu mfukoni mwa mpishi, alisema, hakiwezi kumpa mtu udaktari. Mgonjwa aletwe, atoe kikopo kipya, mwanafunzi arudie mbele yetu sote. Akiona tena alichosema aliona, amepita.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumanne asubuhi mume wangu alikaa kwenye benchi lilelile la nje, ndani ya suruali yake iliyopunguzwa, kofia magotini. Jenereta alimsalimia kwa kuinama. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mume mwenzangu?"

"Ndiye mimi, baba."

"Mtunze. Anapenda maneno kuliko chakula." Akaangalia mikono yake. "Naona umeshafundwa. Kiwiko mezani?"

"Kiwiko mezani, pumzi nje."

Alitema uani, kwenye jua, kama inavyotakiwa. Kikopo nilikipika mwenyewe. Dakika kumi na tano za mvuke nilisimama mbele ya mtungi nikitazama mshale wa kipimo, na nikajua mimi ndiye ninayempika mume wangu. Plasta nilikata kwa mkasi wa kawaida, ukingo umenyooka. Nikapitisha dirishani.

Kila kitu kilikuwa wazi kwangu wakati huo, na ndicho kilichoniumiza. Ili Jenereta apone, lazima mume wangu awe mgonjwa. Ili mume wangu awe mzima, Jenereta arudi kwao na barua yake. Nilishika kizingiti cha dirisha, nikamwombea kijana mikono isitetemeke, na papo hapo nikaomba asione kitu. Maombi mawili kama hayo hayapiti mlango mmoja. Lazima moja lisubiri nje.

Mikono haikutetemeka. Kitanzi kikawa chekundu, kikapoa, kikapaka mviringo mzuri katikati ya kioo, sawasawa kama kifungo. Nyekundu, moto chini, mvuke, dakika tano. Asidi, tatu. Bluu, moja. Sekunde hakutazama saa yake hata mara moja. Alikuwa anatazama moto. Jenereta akainamia darubini. Akasogeza kioo kulia, akasogeza, akasogeza. Mkuu wa idara akakohoa, sote tukageuka kumtazama, akaona aibu.

Kisha Jenereta akainuka, na sasa ndipo mikono ilipoanza. Yote miwili, mpaka akaificha mifukoni mwa koti. Hakumwambia Sekunde. Aligeuka dirishani.

"Chanya, bibi," akasema. "Wengi. Nisamehe."

Sekunde aliangalia, akaandika kwenye daftari, akampa mkono. Mkuu wa idara akampa mkono. Alikuwa amepita. Sijawahi kuona mtu aliyefaulu mtihani akiwa na uso kama ule.

Mume wangu alianza dawa mchana uleule. Alizimeza kwa utii, vidonge vikubwa kama vifungo vya koti, na Jenereta alipita kila jioni saa kumi na moja kuhesabu kama vimebaki sawa. Walizungumza habari za vitambaa. Lakini mapafu, daktari wa wodini alinieleza kwa kuchora kwenye karatasi, yalikuwa yameliwa kama shati lililokaa na nondo, na huwezi kutia kiraka pasipo na kitambaa cha kushonea. Wiki ya saba suruali ilihitaji kupunguzwa tena na hakuwa na nguvu ya kukanyaga cherehani. Nilimpunguzia mimi, mshono wa ovyo. Akautazama akasema, "Miaka arobaini na moja, hata pindo hujajifunza." Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi alikuwa hayupo.

Miezi minne, alisema yule daktari. Mngekuja miezi minne kabla. Nikakunja karatasi aliyochora. Hata mzaha una siku zake za kupumzika.

Mimi walinipima mara tatu, mpaka picha ya kifua. Sina kitu. Mpiga picha alisema nina mapafu ya msichana, nikamwambia ayachukue ampelekee msichana anayeyahitaji. Nilitolewa jikoni mpaka majibu yalipokamilika, nikapewa onyo la maandishi kuhusu saini yangu, kisha nikarudishwa, kwa kuwa aliyeshika nafasi yangu alitia damu chupa ikiwa bado ya moto na visahani vyote vikawa rangi ya kahawia. Siku hizi vikopo vyote sita Sekunde anaviangalia mwenyewe kabla ya kuandika chochote. Mimi haniombi tena. Mwaka huu nilimwambia ninayo kidogo, nimejitahidi, akasema, "Acha tu, bibi," akapitisha mkono dirishani akanishika vidole. Mkono wake una baridi.

Jenereta anajifunza wodini sasa, mwaka wa tatu. Anakuja saa kumi, anaegemeza kiwiko kwenye beseni langu, ananieleza wagonjwa wake. Mtoto wa tatu alizaliwa wa kiume. Jina alilompa ni la mume wangu, hakuniuliza.

Mume wangu hakupenda kupigwa picha. Alisema mashine ile inaiba vipimo vya mtu. Kwa hiyo picha yake sina. Ninacho kiberiti, na ndani yake kile kioo cha namba nne, ambacho Sekunde alinirudishia bila kusema neno, kinyume na taratibu zote alizowahi kuzifundisha. Jumapili mchana nakitoa nakiinua kwenye mwanga. Wale wekundu hawaonekani kwa macho matupu, wanataka darubini. Inaonekana bluu tu, mviringo mdogo wa bluu, rangi sawasawa na ile kola ya sare aliyoniachia, isiyo na mwenyewe, bado ipo chini ya mguu wa cherehani, sindano imeizamia.